Jiwe Lisilo na Kwao

Lilikuja kwa mkokoteni kutoka Kongowea,
gunia jepesi kuliko umbo lake.
"Hili, dada, mimea italewa," alisema Mwakombo.
"Ni ulanga tu, jiwe limechomwa likaumuka kama bisi.
Linashika maji, haliozi."
Nikatia mkono. Ukatoka unameremeta
kama wa bibi harusi siku ya kutolewa nje.
Nikacheka. Nani asiyependa kung'aa?

Nauza miche hapa Bombolulu, kando ya ukuta wa karakana:
mrehani, asumini, mkilua,
pilipili ndani ya mikebe ya maziwa.
Udongo wangu naujua kwa pua.
Huu mwekundu umetoka Kaloleni,
hii samadi ni ya mbuzi wa Mwanamkasi,
haya makumbi nimeyaloweka mwezi mzima.
Jiwe hili halikuwa na harufu.
Hilo lingenitosha.

Kila alfajiri Tsuma alichanganya,
mpwa wangu, kifua wazi, redio mfukoni,
sepetu ikipanda, ikishuka,
na vumbi likisimama juani kumzunguka
kama limeitwa kwa jina.
Nilimwona mzuri. Mungu anisamehe,
nilimwona mzuri ndani ya lile vumbi.

Kisha akaja Bi Nuswaiba wa Kizingo,
mstaafu wa maabara, kutafuta mkilua.
Akachota kiganjani, akashusha miwani,
hakuuliza bei.
"Limechimbwa wapi?"

"Ulanga wenyewe hauna kesi," alisema,
"ila iko milima ambamo ulanga na asbesto
hulala kitanda kimoja.
Ukimchimba huyu umemchimba na mwenziwe:
nyuzi nyembamba kuliko unywele wa kitoto kichanga.
Huingia kwa pumzi, hazitoki kwa kikohozi.
Hungoja. Miaka ishirini, thelathini.
Mwingi uuzwao ni safi. Huu wako
mimi sijui. Wala wewe hujui."

Nikaligeuza gunia. Mahali pa jina pamekwanguliwa.
Mwakombo akanituma kwa mtu wa Shimanzi,
mtu wa Shimanzi kwa mtu wa kontena,
mtu wa kontena hapatikani.

Asbesto.
Neno hili nimelala chini yake:
lile paa la kijivu la shule yetu Changamwe,
tulilolitupia mawe wakati wa mapumziko
ili tusikie linavyolia,
na lilipopasuka
tukagombea vipande vya kuchorea chini.

Tsuma anakohoa. Huenda ni sigara,
huenda ni kiyoyozi cha kule anakolinda usiku.
Picha ya kifua ilitoka safi.
"Kwa sasa," akasema daktari,
na maneno hayo mawili
ndiyo niliyorudi nayo nyumbani, si picha.

Sasa twachanganya mbichi. Maji kwanza, sepetu baadaye,
leso imekunjwa mara mbili puani,
ingawa Bi Nuswaiba asema leso ni heshima, si kinga,
akatuletea barakoa nene, mbili, za kwake.
Gunia nimelilowesha, nikalifunga ndani ya turubai
chini ya ngazi. Kuliuza siwezi.
Kulimwaga, wapi?
Kila jaa ninalolijua lina watoto.

Ila ile iliyokwisha kuondoka,
vyungu arubaini na kitu, Tudor mpaka Nyali,
kwenye baraza, kwenye madirisha ya jikoni.
Namba ninazo daftarini.
Jioni nikishakoga nampigia mmoja, wawili,
nachelewa na salamu, kisha nasema:
usiuchokore ukiwa mkavu, mwagia kwanza,
au uurudishe, pesa yako nitakupa.

Wengine hunipa pole, sijui ya nini.
Jana mmoja alinikatiza:
"Kwani mmea wangu utakufa?"

Hapana, mama.
Utastawi. Utakupendeza.
Utausogeza karibu na kitanda.